Filimbi ya Eliamini

"Filimbi ikikunyamazia, haimlilii mwenzako." Mmeisikia kwa kocha wenu asubuhi, wajukuu zangu, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo.

Miaka hiyo timu yetu ya Holili, upande wa Tanzania, ilicheza na Taveta, upande wa Kenya, kila baada ya mavuno. Mwenyeji ndiye aliyetoa refa, na hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kosa la mgeni lilikuwa penalti. Kosa lile lile la mwenyeji liliitwa bahati mbaya. Mwaka mmoja kule Taveta watu wa kwetu walichoka, mawe yakarushwa, na njia ya sokoni ikafungwa wiki tatu. Ndizi nilizokuwa nikivusha kwenda kuuza ziliivia nyumbani mpaka zikaoza. Viongozi wa pande zote wakaonya kwamba fujo ikitokea tena, mechi itafutwa na hata siku za gulio hatutavuka.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa yetu. Refa akawa Eliamini Mshana, mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Nahodha wetu alikuwa Kiondo, mdogo wake wa tumbo moja. Wageni walipolijua hilo walitaka kugeuza gari. Mzee wao, Mwandawiro, ndiye aliyewabembeleza washuke.

Kipindi cha kwanza mpira ulimgonga Kiondo mkononi ndani ya boksi. Mkono ulikuwa umebana ubavuni, hakukusudia. Eliamini akaashiria mchezo uendelee. Wageni wakanung'unika kwamba ni yale yale ya kila mwaka, na moyoni nilijua wana sababu ya kushuku.

Zilipobaki dakika tatu, bado bila kwa bila, Kiondo alipiga shuti likamgonga beki wa Taveta mkononi, mkono umebana ubavuni vilevile. Watu wa kwetu wote walisimama wakidai penalti. Eliamini akaashiria mchezo uendelee.

Mpira ulipotoka nje, Kiondo alimfuata.

"Dada, ule ulikuwa mkono."

"Ulikuwa mkono," Eliamini akajibu. "Na wako pia ulikuwa mkono. Sikupuliza."

"Lakini hapa ni kwetu."

"Filimbi ikikunyamazia, Kiondo, haimlilii mwenzako. Rudi ukacheze."

Nilitazama mikono ya vijana wetu kandokando ya uwanja, nikitafuta nani ameokota jiwe. Kiondo akawageukia, akawaashiria wakae. Wakakaa, wengine kwa shingo upande. Mechi ikaisha hivyo hivyo, bila bao. Mzee Mwandawiro akavuka uwanja, akampa Eliamini mkono, akaushikilia wake kwa mikono yake miwili. Niliketi palepale kwenye nyasi, nikashusha pumzi.

Jumamosi nilivuka na ndizi zangu. Soko lilikuwa limejaa, na wanawake wa Taveta walikuwa wakisimuliana maneno ya yule mwalimu. Kuanzia hapo, mtu akitaka kupendelewa kwenye foleni au kwenye kikao, alijibiwa kwa maneno hayo hayo.

Basi leo mlipomlilia kocha amwadhibu mwenzenu kwa kuchelewa, nanyi juzi mlichelewa akawasamehe, angewajibu nini kingine? Filimbi ikikunyamazia, haimlilii mwenzako.