Duara la Ng'ombe wa Shangamwe

Hapo zamani, katika siku ambazo masultani walikuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mji uitwao Shangamwe, chini ya kilima kirefu. Na watu wake walikuwa na desturi yao: kila mwaka ukigeuka, ng'ombe mweusi huzungushwa mji kwa ngoma na ubani, na alipopita ng'ombe ndipo mpaka. Nyumba iliyo ndani ya duara ni ya mji. Iliyo nje hubomolewa, awe mwenyewe nani. Kilimani hakikujengwa hata kibanda, maana watu wa kale waliuogopa udongo wake, unaoteremka mvua ikinyesha. Na mwongoza ng'ombe huwa ni yule aliye maskini kuliko wote, kwa kuwa hana kiwanja cha kukipendelea.

Basi ikawa zamu ya kutawala ya Sultani Badawi, mtu wa tumbo kubwa na masikio madogo. Akasema joto la mjini linamchosha, akafyeka miti ya kilimani, akachimba, akajenga jumba la ghorofa tatu. Masika yalipokuja, udongo ukaporomoka ukaingia katika vibanda arubaini vilivyo chini ya kilima, ukafukia jiko la Mwanaeshe, mke wa Feruzi. Mwanaeshe akapanda hadi barazani kwa Sultani na chungu kimejaa matope, akakitua mbele yake, akanena, "Bwana, nimekuletea mali yako. Imeangukia kwetu." Watu wakaangua kicheko, Sultani akanuna.

Na huyo Feruzi alikuwa fukara wa kutupwa, hana mnazi wala mbuzi, naye ndiye mwongoza ng'ombe wa mwaka ule. Siku tatu kabla ya mwaka kugeuka, Sultani akamwita.

"Ewe Feruzi, mwaka huu jumba langu liwe ndani ya duara. Na vibanda vile arubaini viwe nje, maana wenyewe wana midomo. Ukishindwa, kichwa chako kitakaa langoni."

Waliokuwapo wakatazamana. Njia ya kilimani ilikuwa moja tu, nayo ilipita katikati ya vibanda vile. Hakuna ng'ombe awezaye kuuzingira mji pamoja na jumba akaviacha nje. Feruzi akainama. "Nimesikia na nimetii, Bwana wangu. Ila mimi ni msahaulifu. Naomba amri hii iandikwe na kutiwa muhuri."

Sultani akafurahi, akaandika. Tena, kwa werevu wake mwenyewe, akaongeza kwamba duara likishafungwa halitafunguliwa kwa amri ya mtu yeyote, hata yake yeye, mpaka mwaka mwingine, ili watu wa vibanda wasipate pa kulalamikia.

Mwanaeshe aliposikia alipandwa na hasira. "Umekubali kutubomolea nyumba, mume wangu?"

"Nimekubali aliyoyasema yeye," Feruzi akajibu. "Usifunge mzigo wowote. Pika uji."

Siku ikafika, watu wakajipanga na ngoma zao. Feruzi hakuelekea pwani wala sokoni. Akampandisha ng'ombe moja kwa moja kilimani, akamzungusha jumba la Sultani mara moja, akarudi pale alipoanzia kulizunguka, akatangaza, "Duara limefungwa!"

Sultani akachungulia dirishani. "Limefungwaje? Mji je?"

"Jumba la Bwana limo ndani. Vibanda arubaini viko nje. Kosa langu liko wapi?"

Kadhi Idarusi akaisoma amri, akaisoma tena, asione kosa. Akanena, "Basi mwaka huu mji wa Shangamwe ni nyumba hii moja."

Sultani akacheka kwa kiburi, akaamuru kila kilicho nje kibomolewe. Jemadari wake akauliza kwa adabu, "Tuanze na msikiti, Bwana, au na bohari lako la mchele?" Sultani akaghairi, akafunga dirisha. Adhuhuri wachota maji wakatua mitungi yao, wakasema wao si watu wa mji tena, hawana amri ya kuutumikia. Askari nao wakaenda kula makwao, wasirudi. Siku ya tatu Sultani wa Shangamwe alionekana akiteka maji peke yake, na kamba inamshinda, na watu wamekaa chini wanamtazama kama watazamao ngoma.

Akamwita kadhi. "Nifungulie duara hili!"

"Bwana mwenyewe umeandika lisifunguliwe. Ila sheria ya kale yasema duara lisilo na nyumba ndani si duara. Ni nyayo za ng'ombe tu."

Sultani akalizunguka jumba lake, akalitazama juu hadi chini. Kisha kwa mkono wake akang'oa jiwe la kwanza. Watu wa vibanda arubaini wakapanda kumsaidia, tena kwa furaha nyingi mno, wakayateremsha mawe yote wakajenga ukuta wa kuzuia udongo.

Jumba lilipokwisha kubomolewa, Sultani akasimama katika uwanja mtupu, akauliza, "Nami nikakae wapi?"

"Shuka ukae nasi bondeni, Bwana wangu," akasema Feruzi. "Zamani udongo ulikuwa ukituangukia, lakini sasa tuko salama. Yule aliyekuwa akiuchimba amehama."

Sultani akainamisha kichwa, akashuka kilima kwa miguu, viatu vyake mkononi.