Jiwe Litelezalo

“Aliyevuka jana ndiye ajuaye jiwe litelezalo.” Mmeisikia shuleni leo, mkaja kuniuliza mimi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na aliyeaibika ni mimi bibi yenu.

Huku kwetu milimani kulikuwa na shule ya Montessori, ambako watoto hujifunza kwa kazi za mikono kama kufunga vifungo na kumimina maji, yenye chumba kimoja. Watoto wa miaka mitatu walikaa pamoja na wa miaka sita, na Mwalimu Veneranda alikuwa peke yake na watoto ishirini na wanane. Binti yangu Agripina, mama yenu, alikuwa na miaka sita. Kila nilipompitia nilimkuta amepiga magoti kando ya Mhina, kitoto cha miaka mitatu kilicholelewa na bibi yake, akimfundisha kufunga vifungo. Nilichoka kuona hayo.

“Mwalimu, mwanangu hakuja hapa kuwa yaya.”

“Mama Agripina, akimfundisha mwenzake naye anajifunza.”

“Anajifunza vifungo? Vyake alivimaliza mwaka jana. Watenge kwa umri, kama shule nyingine.”

Nikawashawishi na wazazi wenzangu. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kushindana nasi. Tukaweka ukuta wa mbao katikati ya chumba, naye akawa mtu wa kukimbia huku na kule. Mwezi haukwisha, sauti ikamkauka. Upande wa wadogo maji yalimwagika kutwa, na Mhina akawa analia tangu getini. Bibi yake, muuza kabichi sokoni, akasema, “Asipotulia kufikia Ijumaa, simleti tena. Nitamfungia ndani, nifanyeje?”

Mwalimu hakunilaumu. Alisema tu, “Nimechoka, mama. Ukuta ni wako, njoo ushike upande mmoja.”

Nikaenda. Kumimina maji, nikajiambia, ni kazi gani? Nikamwonyesha Mhina mara moja, mara kumi. Maji yakamlowesha hadi magotini. “Mbona ni rahisi hivi?” nikamwambia, na hapo akalia mpaka akatapika. Ilikuwa Alhamisi. Nilikaa chini, nimeishiwa mbinu kabisa.

Agripina akaja kutoka upande wa pili bila kuitwa.

“Mama, usimwambie ni rahisi.”

“Nimwambie nini basi?”

“Si rahisi. Mimi nilikuwa namwaga hapa, maji yakifika mdomoni mwa jagi. Yanakimbia.” Akamgeukia Mhina. “Mkono huu ushike chini. Ukiyaona yamefika, ngoja kidogo.”

Mhina akangoja. Kikombe kikajaa, meza ikabaki kavu. Akamimina tena na tena, na bibi yake alipokuja kumchukua, akakataa kuondoka.

Nilimfuata Mwalimu nikamwomba radhi. Alikuwa ameuegemea ule ukuta, amefumba macho.

“Mimi na wewe tulivuka mto zamani, mama,” alisema. “Tuko ng’ambo tunapiga kelele tu: vuka, ni rahisi! Tulipoteleza tumepasahau. Mwanao bado anapakumbuka.”

Jumamosi niliung’oa ukuta kwa mikono yangu, na misumari ilikuwa mingi. Tangu siku ile, nikimwona mtu amekwama simrukii na ujuzi wangu. Namtafuta aliyekwama juzi. Nendeni nanyi mkamsaidie yule mdogo wenu anayelia na daftari lake huko ndani; mimi nimeshindwa kumsaidia. Aliyevuka jana ndiye ajuaye jiwe litelezalo.