Hodi Chini ya Meli

Tulieni wenzangu, hadithi inabisha, asiitikie mtu! Shekuwe wa Siyu alikuwa mrusha chusa katika meli ya Wazungu wawinda nyangumi, na kwa miaka mitatu hakusikia Kiswahili. Siku moja akamchoma mwana wa nyangumi, mafuta yake yakachemshwa sitahani.

Ndipo chini ya mbao, upande wa maji, kukagongwa: ngo, ngo! "Hodi!" Wenzake hawakuelewa, ila Shekuwe aliitambua lugha ya kwao.

Ngo, ngo! "Hodi!" Akajiuma ulimi.

Ngo, ngo! "Hodi wenyewe! Mwanangu yumo humu?" Sauti ilikuwa ya mama, ya kwao kabisa, na adabu aliyolelewa nayo ikamponza: "Karibu, mama."

Mbao zikafunguka kama mlango, mgeni akaingia na bahari yake.

Nanyi mkisikia hodi, ulizeni kwanza mlango uko wapi.