Barabara ya Amani ya Mtemi Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa tope, wakubwa wakateleza!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanagombana kwa lugha moja, palikuwa na nchi mbili, Mlimani na Bondeni. Katikati yao palikuwa na mbuga ya udongo mweusi. Mvua ya masika ikinyesha, mbuga iligeuka tope la kumeza ng'ombe mpaka pembe. Kiangazi kikija, tope lilikauka, visima vya Mlimani navyo vikakauka, na wanaume wakaenda Bondeni kupigana.

Mlimani aliishi Nyamizi, mke wa Masalu. Dada yake, Kabula, alikuwa ameolewa Bondeni na Lubango. Siku ya harusi Nyamizi alimpa shemeji yake Lubango ngao aliyoishona mwenyewe, mshono mwekundu ukingoni. Na kila kiangazi Masalu alinoa mkuki wa kuitoboa.

Nyamizi akachoka. Akamwendea Mtemi Kifaru. "Mtemi wangu, tunapigania nini?"

"Heshima!" Kifaru akanguruma.

Akamwendea Fisi, mshauri wa mtemi. "Bwana Fisi, tunapigania nini?"

"Babu zetu walitukanwa, mama."

"Walitukanwa tusi gani?"

"Kubwa," akasema Fisi, akijilamba midomo. Maana vita ikiisha, yeye ndiye aliyekula akashiba.

Akamwendea Chura wa mbugani. "Bwana Chura, tunapigania nini?"

"Mimi sijui siasa, dada. Ninachojua, tope likikauka mnakuja. Likiwa bichi, mnakaa kwenu mnasifu amani."

Nyamizi akasimama pale, akacheka peke yake kama mwehu. Kisha akashika jembe. Akachimba mfereji kutoka kijito cha mlimani: maji kidogo yaingie visimani, mengine yateremke mbugani. Alichimba, akachimba, akachimba. Kiangazi kikaja, tope likabaki tope. Wapiganaji wakashuka na ngoma, wakazama hadi magotini, wakarudi wakitafuta viatu.

Mwaka wa pili, vilevile. Mwaka wa tatu, vilevile.

Basi nchi nzima ikaimba: "Mtemi Kifaru, baba wa amani!" Kifaru akasikia, akaamini. Akaita baraza.

"Amani niliyoileta," akasema, "inastahili sherehe. Wageni watoke kila upande waje kunipongeza!"

"Watapitaje, Mtemi?" akauliza Fisi kwa upole mno. "Tope lile ni aibu. Tujenge barabara ya mawe, kutoka kwetu mpaka Bondeni. Tuiite Barabara ya Amani."

Vigelegele! Nyamizi akasimama katikati ya vigelegele.

"Mtemi wangu, vita haikuzuiwa na hekima yako. Ilizuiwa na tope. Ukiliziba, umeifungulia mlango."

Baraza likaangua kicheko. "Shemeji, nenda basi ukaliimbie tope!" mmoja akapaza sauti.

"Nyinyi mnamwimbia Kifaru," Nyamizi akajibu. "Angalau tope lina kazi linayofanya."

Wakamtoa nje.

Barabara ikajengwa, pana, imara, nzuri ajabu. Mfereji wakauziba usiiharibu. Kiangazi kikaja, visima vikakauka. Na wa kwanza kupita juu ya mawe yale hawakuwa wageni. Walikuwa wapiganaji, safu kwa safu, miguu mikavu, wakisifu ujenzi.

Wakarudi wakiimba. Masalu akatupa ngao uani. Ilikuwa na mshono mwekundu ukingoni.

Nyamizi akaitazama. "Mwenye ngao hii yuko wapi?"

Masalu akaitazama naye, safari hii vizuri. Akaketi chini. "Sikuuona uso wake, mke wangu. Vumbi lilikuwa jingi."

Nyamizi akachukua jembe, akaenda barabarani. Upande wa pili akamwona mwanamke aliyenyoa nywele kwa msiba, ameinama, anang'oa jiwe. Kabula. Hawakusalimiana. Huyu akang'oa jiwe, yule akang'oa jiwe, wakasogeleana jiwe kwa jiwe. Masalu akaja nyuma, bila mkuki, akaanza kuzibua mfereji.

Kifaru akaja mbio, Fisi kando yake. "Wanawake nyie! Mnabomoa amani!"

Nyamizi akanyoosha mgongo. "Njoo usimame hapa maji yakifika, Mtemi, uone amani inavyokushika miguu."

Chura akalia kwa furaha. Na hadithi yangu imezama papo hapo; mwenye miguu mikavu na aivute.