Nani Apewe Ng'ombe wa Shekiondo

Kaeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aangalie pembeni.

Walikuwepo watu watatu. Tukae, fundi wa maabara, alijaliwa mikono: aliunda mashine ndogo zisizoonekana kwa macho, za kula taka za plastiki. Machano, mlinzi wa mlango wa maabara, alijaliwa ukweli. Bi Kirembo, mama mkwe wa Machano, alijaliwa huruma. Hakumsahau mtu aliyewahi kula naye.

Siku ya wageni Tukae alijigamba, "Hakuna hata moja itakayotoka humu." Sheria ilikuwa kila anayetoka avue nguo, aoge, apewe nguo safi. Machano aliwasimamia wageni wote isipokuwa Bi Kirembo, aliyekuja naye kutazama. Utamwambiaje mkweo avue? Akainamisha macho, akamfungulia.

Jioni alipita ukweni, akakuta beseni la plastiki linamomonyoka kama mkate mkavu. Aibu ilimtoa jasho, lakini alirudi kwa Tukae. "Nimezitoa mimi," akasema. "Nilimwonea haya mama."

Tukae alikuwa na taa ambayo mwanga wake huziua mashine hizo papo hapo. Lakini kuibeba mbele ya watu waliomsikia akijigamba! "Tusiseme kwanza," alinong'ona. Kisha neno hilo likamwaibisha kuliko yote, akaibeba taa hadharani.

Walipokwisha kuimulika nyumba, Tukae akauliza, "Mama, ulipita kwingine?"

"Sikupita," Bi Kirembo alijibu, mumewe akiwa amekaa pale. Kumbe alikwenda hospitali kumjulia hali Shekiondo, mtalaka wake, anayepumua kwa mpira wa oksijeni. Akaukumbuka mpira ule: wa plastiki. Bi Kirembo akajifunika uso kwa kanga. "Nilikwenda kwa Shekiondo. Nilimshika mkono."

Mumewe akatoka nje.

Walimkuta Shekiondo akitweta, mpira umeanza kutoboka. Wakamulika taa, wauguzi wakabadilisha mpira, akapona.

Shekiondo ana ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba. "Apewe aliyeniokoa," alisema.

Bila Machano, nani angejua zimetoka? Bila Tukae, zingeuawa na nini? Bila Bi Kirembo, taa ingepelekwa wapi?

"Mlango niliufungua mimi," alisema Machano.

"Mimi nilitaka kuficha," alisema Tukae.

Bi Kirembo alijifunika tena kanga. Mpaka leo mumewe hamsemeshi.

Ng'ombe anakaribia kuzaa, na hakuna aliyemfuata. Haya, nijibuni: kamba yake ungemkabidhi nani, nawe ungethubutu kumtazama usoni?