Zamu ya Maji ya Humaidi

Inasimuliwa kwamba katika bonde moja la Yemeni, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mwanamke aliyeitwa Raita binti Shuraihi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe, Wahabu, alianguka kutoka juu ya mtende akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo jembe likawa la Raita na binti yao, Sulafa.

Mwaka huo mbingu zilifunga. Shayiri ilikuwa ikitoa masuke huku majani yamesokotana kwa kiu, na chemchemi ya bonde zima ikabaki uzi mwembamba wa maji. Wakulima waliyapokea kwa zamu katika mfereji mmoja, kila nyumba nusu siku, kisha kungoja siku tisa. Katika siku ya zamu yao, asubuhi ilikuwa ya jirani yao, Humaidi. Tangu adhuhuri ilikuwa ya Raita.

Siku hiyo ilipofika, Humaidi hakuwapo. Alikwenda mbali kumzika mama yake, wala hakumwachia mtu neno. Jua likachomoza, maji yakaja yakijikokota, na Raita akasimama baina ya vilango viwili vya mfereji, cha Humaidi na cha kwake.

Wahabu, aliyelazwa kivulini kando ya shamba, akamwita. "Mama Sulafa, fungua chetu. Nusu siku haitutoshi, wajua."

"Hii ni zamu ya Humaidi."

"Humaidi hayupo!"

"Mwenye shamba hayupo, ila Mwenye maji yupo."

Wahabu akapaza sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Na mwanao atakula nini?"

Raita akainama, akafungua kilango cha Humaidi, na asubuhi yote akayaongoza maji jaruba kwa jaruba katika shayiri ya mwenziwe, yake ikinyauka hatua chache tu chini.

Adhuhuri akaswali, akafungua cha kwake. Maji yakafika katikati ya shamba, yakakoma. Nusu ya chini ikafa. Wahabu akageuza uso, asiseme naye siku mbili.

Humaidi aliporudi akakuta shamba lake limenawiri. Akauliza, akaambiwa. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Raita, akakataa kuketi.

"Dada yangu, mimi ni mwizi wenu," alisema. "Tangu Wahabu aanguke, nimetoboa ukingo wa mfereji chini ya mawe. Kila zamu yenu, thuluthi ya maji huingia kwangu. Nilidhani mwanamke hatatambua."

Hasira ikampanda Raita. Akatangulia mlangoni. "Twende ukanioneshe."

Wakaenda. Raita akashika mawe, Humaidi akaziba tundu kwa udongo, machozi yakimtiririka. Walipomaliza Raita akasema, "Haki yangu nimekusamehe. Ya Wahabu, kamwombe mwenyewe."

Humaidi akapiga magoti kando ya kitanda cha Wahabu, akakiri yote.

"Keti, Humaidi," akasema Wahabu. "Nami asubuhi ile nilitaka kukuibia. Aliyenizuia ni huyu mke wangu."

Mwaka ule walivuna nusu ya shayiri yao, wakaila kwa kupima hadi mvua zikarejea. Enyi ndugu, lau Raita angefungua kilango chake, bonde lingekuwa na wezi wawili, kila mmoja akimhesabu mwenziwe kuwa ndiye dhalimu. Mola atujaalie kumwonea haya Yeye pale ambapo hakuna jicho la mtu.