Dawa Hii Iitwe Nani?

Kaeni mkao wa kusikiliza, na mwenye neno aliweke kwanza. Nitasimulia mpaka pale ninapopajua. Palipobaki mtamalizia ninyi.

Huko Tukuyu, ambako mvua haiombwi, mama mmoja alizaa watoto watatu, na kila mmoja alikuja na chake. Atupele, kifungua mimba, alijaliwa jicho. Vifaranga wa kuku wawili wakichanganyika uani, yeye aliwatenganisha bila kukosea. Gwamaka, wa kati, alijaliwa mikono. Ufunguo wa kufuli ukipotea hakushika nyundo, alichonga mwingine. Kitinda mimba, Tusajigwe, alijaliwa sikio. Akipita zizini asubuhi aliweza kusema, "Baba, yule ndama hapumui vizuri," na kweli, kufikia jioni ndama yuko chini.

Walisoma, wakasoma tena. Watu wakasema hao wataishia ughaibuni. Hawakuishia huko. Walirudi Mbeya, Atupele na Gwamaka wakaingia kwenye maabara ya utafiti, na Tusajigwe akawa daktari wa saratani ya damu katika hospitali iliyopakana nayo. Mama yao alipoulizwa sokoni watoto wako wapi, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mafungu ya ndizi: "Wako kazini, hapahapa kwetu!"

Ndipo akaletwa Sekela.

Sekela alikuwa dereva wa lori la chai, mwanamke aliyezoea kuushuka mlima Kitonga na mzigo kamili huku akiimba. Sasa alikuwa amekonda, fizi zinatoka damu, hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta. Alikuwa na saratani ya damu. Alipewa dawa kali za kuua seli za ugonjwa. Nywele zikaondoka, nguvu zikaondoka, ugonjwa ukarudi.

Tusajigwe alikaa kando ya kitanda chake. "Mama, sitakuficha. Dawa tulizo nazo zimefika mwisho."

"Zenu zimefika mwisho, mwanangu," Sekela akasema. "Mimi bado."

Akakubali uboho wake, ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu, uchukuliwe ukachunguzwe.

Atupele akauweka chini ya hadubini. Wengine wote walikuwa wameona seli changa tupu, zimejazana, hazifanyi kazi yoyote ila kuzaana. Atupele aliona kitu kingine. Hapa na pale palikuwa na seli ambayo kiini chake kimeanza kujikunja, kama kinavyojikunja kiini cha seli nyeupe inapokomaa, halafu kikaishia njiani.

"Hizi hazikushindwa kukua," akawaambia wenzake. "Zimezuiwa. Tumehangaika kuziua, kumbe tungetafuta anayezizuia."

Ngojeni niwaeleze, maana hapa ndipo penye utamu. Kila seli ya mwili wako imebeba maagizo yaleyale, ndiyo yanayoitwa jeni. Seli ya ngozi na seli ya damu hutofautiana kwa kuwa jeni zilizo macho katika hii zimelazwa katika ile. Vinavyozilaza na kuziamsha ni vimeng'enya, vitendakazi vidogo ndani ya seli, ambavyo hubandika alama kwenye jeni au kuzibandua. Katika seli za Sekela, kimeng'enya kimoja kilikuwa kimezidisha kazi, kikazilaza zile jeni zinazoiambia seli, "Sasa kua."

Ni kipi, kati ya vimeng'enya vingi hivyo? Atupele alivinyamazisha kimoja baada ya kingine katika seli za maabara. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Siku alipokinyamazisha chenyewe, seli zikaanza kukomaa mbele ya macho yake. Alitoka nje ya maabara amevaa koti jeupe na glavu, akapiga kigelegele barabarani.

Lakini kunyamazisha kimeng'enya katika seli za maabara si sawa na kukinyamazisha ndani ya mtu. Ilitakiwa dawa ya kumeza, itakayopenya hadi kwenye uboho na kukikalia kimeng'enya hicho peke yake. Hiyo ikawa kazi ya Gwamaka.

Dawa yake ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika hicho na vingine vyote, panya wa majaribio wakafa, na Gwamaka akarudi mezani kuanza upya bila hata kula. Atupele akamfuata. "Kaka, pumzika kidogo." Akajibu, "Dada, wewe umenionyesha mlango. Usiniambie nikae kizingitini." Akaendelea kuchanganya na kuchuja, akiongeza kipande hapa na kupunguza pale, mpaka akapata unga wa njano hafifu. Unga ule ulikikalia kimeng'enya kile, ukaviacha vingine vifanye kazi zao. Seli za Sekela zikakomaa ndani ya chupa, na safari hii panya wakapona.

Baada ya vibali vyote kupatikana, Tusajigwe alimweleza Sekela kila kitu. "Dawa hii hajawahi kuimeza binadamu yeyote. Inaweza kukusaidia, inaweza kukudhuru. Una haki ya kukataa."

Sekela akauliza, "Nikifa, mtakuwa mmejifunza kitu cha kumfaa atakayekuja nyuma yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikipona?"

"Utakuwa umetangulia wengi."

"Lete maji nimeze."

Siku za mwanzo zilikuwa shwari. Kisha homa ikampanda ghafla, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kukatika. Madaktari wakakusanyika. Mmoja akasema ni maambukizi. Mwingine akasema ni sumu, dawa isimamishwe mara moja. Hata Gwamaka alimwambia mdogo wake, "Acha dawa, Tusa. Nimemuua mama wa watu."

Tusajigwe alisogea kitandani. Aliinama, akasikiliza mapafu ya Sekela upande huu na upande ule. Akaomba damu ipimwe tena papo hapo. Majibu yalipokuja akawageukia wote.

"Tazameni seli hizi. Zimekomaa! Haumwi ugonjwa mpya. Seli hizi ni askari wa mwili, na jeshi lililolala limeamka kwa mkupuo mmoja na kuvamia mapafu. Tukiacha dawa, saratani inarudi. Tukikaa bila kufanya lolote, anakosa pumzi. Nampa dawa ya kutuliza uvimbe, na ile ya kaka naendelea nayo."

"Na ukikosea?" akaulizwa.

"Nikikosea, semeni nimekosea mimi."

Akampa. Akabaki pale, sikio lake kifuani kwa Sekela kila mara, mpaka pumzi ikaanza kushuka taratibu, ikatulia. Wiki zilivyopita, fizi ziliacha kutoa damu. Uboho ulipopimwa tena, seli changa zilikuwa chache kama za mtu yeyote mzima. Sekela akapanda ngazi bila kushika ukuta, na akafika juu anaimba.

Habari zikaenea. Madaktari wa nchi nyingine, waliokuwa wakitufundisha, wakaja Mbeya kuuliza maswali, wakajibiwa. Ndipo wakuu wa maabara wakatangaza: dawa hii imezaliwa kwetu, basi itaitwa kwa jina la mtu wa kwetu. Ila jina ni moja tu.

Wakakutana nyumbani Tukuyu, mezani kwa mama yao.

Atupele akasema, "Bila jicho langu mngekuwa bado mnaua seli zisizotaka kufa. Dawa iitwe Atupele."

Gwamaka akasema, "Kukijua kimeng'enya si kukizuia. Kilichomezwa ni kazi ya mikono hii. Iitwe Gwamaka."

Tusajigwe akasema, "Dada aliona, kaka akatengeneza, lakini siku ilipofanya kazi kaka mwenyewe alitaka iachwe. Kama si mimi, ingezikwa pamoja na mgonjwa. Iitwe Tusajigwe."

Wakamgeukia mama. Mama akacheka huku akifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mimi niliwazaa wote kwa uchungu uleule. Msiniulize."

Mara honi ya lori ikalia barabarani. Sekela akaingia, ameshika mkungu wa ndizi za kumshukuru mama wa watoto hawa. Aliposikia wanachobishania, aliutua mkungu sakafuni.

"Ndaga fijo, wanangu. Asanteni sana, na kila mmoja nimemsikia. Lakini jicho lilitazama uboho wa nani? Unga ulishuka koo la nani? Sikio liliwekwa kifua cha nani? Ninyi mngekosea, mngejaribu tena. Mimi nilikuwa na roho moja, na nikaitoa. Kwa nini isiitwe Sekela?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeliondoa jina lake mezani.

Chupa ya dawa ipo, kibandiko chake kingali cheupe, na wagonjwa wengine wanaisubiri. Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, shika kalamu: ungeandika jina la nani?